Lipe Shairi Kazi: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Ushairi Siku kwa Siku

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu alifiwa na baba yake. Nilikuwa katikati ya kazi, simu mkononi, na kwenye kundi letu la WhatsApp salamu za pole zilikuwa zinamiminika. Nikatafuta ujumbe mzuri niliowahi kumtumia mfiwa mwingine, nikaunakili, nikaubandika, nikatuma. Baada ya saa moja hivi mtu akaniandikia pembeni: "Hebu soma tena ulichotuma." Kwenye mstari wa tatu lilikuwa limebaki jina la marehemu yule wa kwanza. Tena lilikuwa jina la mwanamke.

Naisimulia aibu hii kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye ushairi, ambao nilikuwa nimeutupa siku niliyotoka kwenye mtihani wa mwisho wa Kiswahili. Huruma nilikuwa nayo tele siku ile. Maneno ndiyo sikuwa nayo, na nikagundua kwamba maneno ya siku kama ile hayatafutwi siku ile ile. Yanatakiwa yawe yameshakaa ndani yako, yamezoea kinywa chako, kabla simu haijalia.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina yangu: hana nia ya kuwa malenga, hana muda mwingi, na pengine bado ana kinyongo na mashairi tangu shuleni. Unahitaji dakika kumi kwa siku, daftari, na mahali unapoweza kusema kwa sauti bila kuonekana umechanganyikiwa.

Kwanza tuondoe kasoro moja ya malezi

Shuleni tulifundishwa kulipasua shairi. Taja bahari (yaani aina ya shairi), taja tamathali tatu, eleza dhamira, alama kumi. Sina ugomvi na uchambuzi, lakini wengi wetu tulitoka pale tukidhani shairi ni kitu kinachowekwa mezani ili kikatwekatwe. Waliotunga hawakulitumia hivyo hata kidogo. Walilipa kazi.

Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa visiwa vya Lamu, alikuwa mgonjwa alipotaka kumwachia binti yake, Mwana Hashima, maneno ya kumwongoza maishani. Ilikuwa mwaka 1858. Angeweza kumwita akamsemesha. Akatunga utenzi, kwa kuwa alijua mawaidha ya mdomo husahaulika mapema kuliko mawaidha yenye vina. Mengi aliyosema kuhusu mke na mume leo yanabishaniwa vikali, na ni haki yabishaniwe. Lakini yanabishaniwa kwa sababu hayajapotea. Kabla yake Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya siasa za mji wake, vita, mapenzi na mafumbo ya kuchokozana na washairi wenzake. Sifa aliyopewa ni kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Kwa hiyo ukiulizwa shairi linamfaa nini mtu wa leo, mwenye simu na foleni na barua pepe mia ambazo hajazijibu, jibu halijabadilika sana. Linabeba neno zito lisianguke njiani. Linasema kwa fumbo jambo ambalo likisemwa wazi litaleta ugomvi. Linakaa kichwani pale ambapo taarifa nyingine zote zinapita. Na linakulazimisha uangalie kitu kimoja kwa dakika nzima, jambo ambalo siku hizi karibu kila chombo tulichonacho mfukoni kimeundwa kulizuia.

Hatua ya kwanza: chagua shairi moja, si kitabu

Usianze kwa kununua diwani, yaani kitabu kizima cha mashairi. Diwani itakaa rafuni ikikutazama. Tafuta shairi moja fupi, lisilozidi beti sita, linalosema jambo ambalo wewe mwenyewe unalipitia sasa. Umehama, tafuta la ugeni. Umekosana na ndugu, tafuta la undugu. Mtu hupenda mashairi kama anavyopenda nyimbo: moja likikugusa, utamfuata mwenyewe aliyelitunga.

Kipimo changu cha kuchagua ni kimoja tu. Soma ubeti wa kwanza, funga kitabu au zima skrini, kisha jiulize kama kuna picha iliyobaki machoni. Ikiwa kilichobaki ni ushauri tu, "tupendane", "tusichoke", liache. Shairi la ushauri mtupu halitakusaidia siku ngumu, kwa sababu siku ngumu ndiyo siku ambayo ushauri mtupu unakera.

Ukiingia kwenye mashairi ya kale utakutana na Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, na hapo wengi hukata tamaa ubeti wa pili. Usikate. Tofauti nyingi zinafuata utaratibu: "nti" ni nchi, "ndia" ni njia, "mato" ni macho, "moya" ni moja. Jifunze kubadilisha sauti hizo chache, halafu soma kwa sauti. Sikio litatambua maneno ambayo jicho limeyakataa. Yanayobaki magumu yaulize au yatafute katika sherehe, yaani orodha ya maana za maneno, mwishoni mwa kitabu, maana wahariri wengi wa mashairi ya kale huweka moja.

Hatua ya pili: lisome kwa mdomo

Shairi la Kiswahili lilitungwa liimbwe au lighanwe. Kulisoma kimya ni kama kuangalia picha ya chakula. Lisome kwa sauti mara tatu, kila mara kwa namna yake. Mara ya kwanza soma pole pole, hakikisha umeelewa nani anasema na anamwambia nani. Mara ya pili usijali maana, fuata mapigo. Mara ya tatu soma kana kwamba wewe ndiye unayesema, kwa mtu unayemfahamu.

Ili usikie mapigo lazima ujue mizani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu asiyejua kuhesabu mizani atabaki mgeni mlangoni.

Mizani ni silabi. Kila irabu inapiga pigo lake: "taa" ni mizani mbili, ta-a. Irabu mbili zikifuatana hazimezani. Kinachowachanganya watu ni "m" na "n". Zikisimama peke yake mbele ya konsonanti na kutamkwa kama silabi, zinahesabiwa: "mtu" ni m-tu, mbili, "mlango" ni m-la-ngo, tatu, "nchi" ni n-chi, mbili. Zikishikana na kinachofuata, hazihesabiwi peke yake: "mwana" ni mwa-na, mbili tu, na "ng'ombe" vivyo hivyo. Tumia vidole. Wakubwa wa kazi hii hutumia vidole, usione haya.

Katika shairi la kawaida la tarbia, ubeti una mishororo (mistari) minne, na kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao. Mwisho wa ukwapi kuna kina cha kati, mwisho wa utao kuna kina cha mwisho. Kina ni silabi nzima: "taka" na "shika" zina kina kimoja, "taka" na "lala" hazina, hata kama zote zinaishia kwa "a". Utenzi wenyewe ni mwepesi zaidi: mishororo minne mifupi ya mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina chake katika kila ubeti, na wa nne una kina kimoja kinachotembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Hayo yanakutosha kwa mwaka mzima. Majina ya bahari nyingine yatakuja yenyewe ukiyahitaji.

Hatua ya tatu: lihifadhi

Hapa ndipo nitabishiwa. Wengi wanaona kukariri ni adhabu ya kizamani, na simu ipo, kwa nini ujaze kichwa? Kwa sababu simu haipo pale unapolihitaji shairi. Haipo usiku wa manane ukiwa umekosa usingizi na umeapa hutaigusa. Haipo kwenye korido ya hospitali betri ikiwa imekufa. Hata ikiwepo, kutafuta si sawa na kuwa nalo. Shairi lililohifadhiwa hujileta lenyewe: unaona kitu, na mshororo unapanda bila kuitwa. Faida yote ya ushairi katika maisha ya kila siku, kwa maoni yangu, nusu yake ipo hapo.

Njia inayonifaa ni hii. Siku ya kwanza nakili ubeti mmoja kwa mkono, kwa kalamu, si kwa kupiga chapa. Usome mara tano. Siku ya pili funika utao wote kwa karatasi ubaki na ukwapi, ujaribu kumalizia kila mshororo. Kina kitakusaidia, hiyo ndiyo kazi yake ya asili, ni kulabu ya kuning'inizia kumbukumbu. Siku ya tatu andika herufi ya kwanza tu ya kila neno, usome kutoka kwenye herufi hizo. Siku ya nne useme ukiwa unafanya kazi ya mikono: kuosha vyombo, kufagia, kupiga pasi. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Kisha ubeti unaofuata.

Usikariri beti tatu kwa pupa usiku mmoja. Zitaondoka kwa mwendo ule ule zilioingia nao. Na ukikwama kwenye neno moja kila mara, lichunguze neno hilo: aidha huelewi maana yake, au umeweka neno lako mahali pa neno la mshairi. Mara nyingi ukilinganisha utaona kwa nini la mshairi ni bora kuliko lako, na hilo ni somo la utunzi ambalo hulipi ada.

Hatua ya nne: weka daftari la vitu

Si daftari la hisia. Tayari una hisia za kutosha. Andika kila siku kitu kimoja ulichokiona, kwa sentensi moja au mbili, bila kusema kinamaanisha nini. "Mzee amefunga kamba ya kiatu, akafungua, akafunga tena." "Mtoto wa jirani anamwambia paka siri." "Ofisini wote wamecheka isipokuwa aliyetoa kichekesho." Basi.

Wiki ya kwanza utaona huna cha kuandika. Wiki ya tatu utaanza kuviona vitu kabla havijapita, na hiyo ndiyo akili ya ushairi. Vina ni ufundi tu unaokuja juu yake. Mimi nina ukurasa ulioandikwa "taa ya nje, mama yake fulani, haizimwi mpaka wote wamerudi". Niliandika hivyo siku moja baada ya kumtembelea rafiki, sikuwa na sababu yoyote. Ulikaa daftarini karibu miaka miwili.

Hatua ya tano: tunga ubeti mmoja kwa ajili ya mtu mmoja

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Mama huyo mwenye taa alifariki. Safari hii sikunakili kitu. Nilifungua daftari, nikakaa chini, na nitakuonyesha nilivyofanya, makosa yakiwemo, kwa sababu ubeti uliokamilika huficha jasho lake na kumkatisha tamaa anayeanza.

Jambo la kwanza: andika kwa nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo shairi, waziwazi, unachotaka kusema. Mimi niliandika: "Mama yako alikuwa akituachia taa ya barazani mpaka sote turudi. Sasa hayupo, tumebaki gizani. Lakini kile alichotufanyia hakijazimika." Ukishindwa kuandika hivi kwa sentensi tatu, bado huna shairi, una wasiwasi. Subiri.

Jambo la pili: chagua vina kutokana na maneno ambayo huwezi kuyaacha. Kwangu yalikuwa "barazani", "gizani", na "haijazimika". Kwa hiyo kina cha kati kikawa -ni na cha mwisho -ka. Tazama mpangilio huo: maneno yametangulia, vina vikafuata. Anayeanza hufanya kinyume, anachagua kina kizuri kisha anazoa maneno yoyote yanayokiishia, na ndiyo maana mashairi mengi ya kuanzia yana watu "wanaotabasamu" mahali ambapo hakuna aliyecheka.

Mshororo wa kwanza ulikuja haraka: "Taa yake barazani, usiku ilimulika." Hesabu: ta-a-ya-ke-ba-ra-za-ni, nane. U-si-ku-i-li-mu-li-ka, nane. Wa pili nao: "Tukirudi safarini, mlango ukafunguka." Usisahau ile "m" ya mlango, ukiiruka utadhani kipande kimepungua.

Wa tatu ulinisumbua. Niliandika "Leo hii tuko gizani", nikahesabu: le-o-hi-i-tu-ko-gi-za-ni. Tisa. Nikaondoa "hii", ikawa saba. Kuna mlango wa dharura ambao washairi wanaruhusiwa kuutumia: inkisari, yaani kulifupisha neno ili mizani ikae sawa, kama kusema "alokuja" badala ya "aliyekuja", na mazda, kulirefusha, kama "enenda" badala ya "enda". Ni haki ya mshairi, lakini mtu anayeanza aitumie kwa kubana, kwa sababu ukifupisha kila neno ubeti unasikika kama mtu anayeongea huku anakimbia. Nikatafuta neno jingine. "Leo sote tu gizani": le-o-so-te-tu-gi-za-ni, nane. Na angalia kilichotokea: "sote" limeleta jambo ambalo halikuwemo, kwamba msiba si wake peke yake. Mizani ilinikatalia neno langu la kwanza, ikanipa la maana zaidi. Hili hutokea mara nyingi mno kiasi kwamba siamini tena wanaosema vina na mizani ni minyororo mitupu.

Mshororo wa mwisho ni kituo, na hapo ndipo kila mtu huanguka kwenye shimo la maneno ya kuazima. Langu la kwanza lilikuwa "Pole sana rafiki yangu, Mungu atakufariji." Hata mizani tuiache, sentensi hiyo ingeweza kutumwa kwa yeyote, wakati wowote. Ilikuwa ndugu wa ule ujumbe wa kunakili. Nikairudia taa.

Taa yake barazani, usiku ilimulika,
Tukirudi safarini, mlango ukafunguka,
Leo sote tu gizani, hatujui pa kushika,
Bali imo mioyoni, taa haijazimika.

Si ubeti wa kushinda tuzo. "Imo mioyoni" ni msemo uliotumika sana, najua, na mshairi mkali angenirudisha nyuma. Lakini haungeweza kutumwa kwa mfiwa mwingine duniani, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ulinichukua dakika arobaini.

Mtu ataniuliza: siku hizi kuna programu za akili bandia zinazotunga ubeti kwa sekunde, kwa nini nijitese? Jaribu uone. Zitakupa vina vingi, na ukihesabu mizani kwa vidole mara nyingi utakuta kipande cha mizani tisa au saba. Lakini shida yenyewe si hesabu. Programu haikuwahi kurudi usiku ikakuta ile taa inawaka. Ukiwa na kitu cha kusema, muulize yeyote msaada wa neno, hata programu. Ukiwa huna, hakuna wa kukupa.

Hatua ya sita: linganisha umbo na kazi

Si kila jambo linataka tarbia. Baada ya kutunga ubeti mmoja mmoja kwa miezi michache, anza kuuliza kazi iliyo mbele yako inataka chombo gani.

Mawaidha na maelezo marefu yanataka utenzi. Mishororo yake mifupi inakwenda kwa hatua, haichoshi, na kina kile cha mwisho kinachorudi kila ubeti kinamfanya msikilizaji asubiri. Una kijana anayeondoka nyumbani kwenda kuanza maisha, na unajua hotuba yako ya nusu saa ataisikiliza kwa sikio moja? Jaribu hivi:

Mwanangu, lishike neno,
Uliandike kwa wino,
Deni halina mfano,
Hula hata ukilala.

Beti tano za namna hiyo, kila moja jambo moja, mshororo wa nne daima ukiishia -la. Atacheka. Ataziweka. Siku atakayojaribiwa kukopa asichoweza kulipa, ule mshororo wa nne utamjia wenyewe, na hutakuwepo kulaumiwa.

Jambo la ndani, lisilo na jibu, unalojiandikia mwenyewe, mara nyingi linatulia vizuri katika shairi huru, lisilofuata vina wala mizani. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mjadala wa kama hayo ni mashairi au si mashairi uliwaka kweli kweli, na ukikaa na wazee wa fani leo bado utauona moshi. Msimamo wangu ni wa mtu anayetaka kazi ifanyike: yote mawili ni ushairi, ila jifunze kwanza kuhesabu. Anayeacha mizani akiwa anaijua hujua ameacha nini, na mapigo yanabaki kwenye mwandiko wake hata bila hesabu. Asiyeijua huishia kukata sentensi ya kawaida vipande vipande. Hili nililiandika asubuhi moja:

Nimeamka.
Mkono umeitafuta simu
kabla macho hayajautafuta mwanga.

Hapo vina vingeharibu. Jambo lenyewe ni kavu, na umbo lake linafaa kuwa kavu.

Na kwa jambo la kusema kwa kuzunguka, kwa mfano mwenzako kazini anayejitwalia sifa za kazi yako, fumbo la ubeti mmoja linafanya kile ambacho barua ya malalamiko haiwezi. Ila hapa nina onyo. Fumbo ni upanga usio na mpini. Aliyelengwa anaweza asielewe, na ambaye hukumlenga akaelewa vingine. Tunga, lala nalo, lisome asubuhi. Nusu ya mafumbo niliyowahi kutunga yamebaki daftarini, na kuyatunga kulinitosha kupunguza hasira.

Hatua ya saba: litoe, lakini kwa adabu

Shairi la mtu mmoja mtumie mtu huyo moja kwa moja, nje ya kundi. Ubeti wa pole ukiwekwa kundini unageuka mashindano. Wengine wataanza kukusifu wewe, na mfiwa atasahaulika. Ukiweza, rekodi sauti yako ukiusoma. Sauti hubeba kile ambacho maandishi hayabebi, na ukitetemeka kidogo hakuna ubaya.

Ukiombwa kusoma kwenye hafla, beti tano zinatosha. Narudia: tano. Chapa kwa herufi kubwa, acha nafasi pana kati ya beti, na kwenye kila ukwapi weka alama ya kuvuta pumzi. Kipaza sauti kisogee mdomoni, usikiinamie. Usitangulize maelezo ya shairi. Likihitaji kuelezwa kabla ya kusomwa, lirekebishe. Ukikosea neno, endelea. Hadhira haina nakala.

Kuna kosa ambalo karibu kila anayeonja sifa za mara ya kwanza hulifanya, nami nililifanya: kutungia kila kitu. Siku ya kuzaliwa ya huyu, kupanda cheo kwa yule, mvua ya jana. Watu wataanza kuzipita beti zako kama wanavyozipita zile jumbe zenye picha za maua. Ubeti uje pale ambapo maneno ya kawaida yameshindwa. Kwingine "hongera" inatosha sana.

Hifadhi nakala ya kila unachotoa, pamoja na tarehe na jina la uliyemtungia. Usirekebishe nakala hiyo baadaye hata ukiwa umejua zaidi. Andika nyingine chini yake.

Na ujue kwamba unaweza kujibiwa. Katika malumbano ya washairi, anayejibu huchukua vina vya aliyeanza, na hata mtu asiyeijua desturi hiyo mara nyingi huifuata kwa sikio tu. Rafiki yangu yule aliyefiwa na mama hakuwahi kutunga kitu maishani mwake, na sikutarajia jibu. Siku ya tatu baada ya mazishi, usiku, simu ilitoa mlio mmoja. Hapakuwa na salamu wala asante, ni mshororo mmoja tu. Niliuhesabu kwa vidole kitandani, nane kwa nane.

Nimeiwasha jioni, ile taa, inawaka.